Kapu Lililochemsha Chai kwa Jua

Sijawahi kuringa maishani kama nilivyoringa asubuhi ile mayai manne yalipoiva ndani ya kapu langu pale Manga, bila kuni, bila hata kijiti. Nilipiga vigelegele peke yangu uani. Mama mkwe wangu akatoka jikoni mbio, macho mekundu kwa moshi, akidhani nimeumwa na nyoka.

"Mama, jua limepika!"

Akamenya yai, akalitafuna taratibu. "Basi Mungu ametupunguzia mzigo wa kuni," akasema, akachukua la pili.

Nilikuwa mwalimu wa sayansi katika shule ya msingi, na ndoa yangu ilikuwa na miezi mitano. Kaka yangu, kibarua wa kiwanda cha chai kule Itumbe, alikuwa ameniletea ile karatasi ya alumini inayotandikwa ndani ya masanduku ya majani chai, mabaki ya masanduku yaliyovunjika. Niliibandika kwa uji mzito wa ngano ndani ya kapu pana la wimbi, nikaning'iniza katikati sufuria iliyopakwa masizi. Kapu likimeta, ng'ombe wa jirani walikuwa wakigeuza shingo!

Lakini kizuri hakikosi kasoro. Kila Jumapili nilichemsha maji, kikombe kile kile, nikaandika daftarini yamechukua muda gani. Mwanzoni yalichemka kabla sijamaliza kufua shuka moja. Mwezi wa pili nilifua shuka zote, nikazianika, nikachambua na maharagwe. Umande ulikuwa umeinua kingo za karatasi, mende wanakula uji wangu wa ngano, na moshi wa jikoni umeacha utando wa manjano. Nilipangusa kwa pamba na maji tu, polepole. Kapu lilikuwa linazeeka, nami nililipenda vivyo hivyo.

Sasa, akina mama wa kanisani walikuwa wakinong'ona kwamba mkamwana msomi hajui kuwasha moto. Mama hakuvumilia. Akawaambia mbele ya watu, "Jumapili njooni mnywe chai iliyopikwa na jua." Nilifurahi na kuogopa kwa pamoja. Kama nisingeichemsha, aibu ingekuwa yake.

Sisi ni Wasabato, na Ijumaa ni siku ya maandalizi: nyumba inafagiliwa, na sufuria zinasuguliwa kwa majivu mpaka ujione uso. Ijumaa ile nilirudi kutoka shuleni nikamkuta Mama uani, majivu mpaka kwenye viwiko, anatabasamu.

"Nimekusugulia na kapu lako, mwanangu. Hata unga wa mawe ya kuchongea vinyago ya Tabaka nimetia, liwe safi kabisa."

Nililiinua kapu kwenye mwanga. Sufuria ina ngozi nene, ukiisugua inang'aa. Karatasi ile kung'aa kwake ni ulaini wake, na sasa ilikuwa mikwaruzo mitupu, kijivu kama majivu yenyewe. Nilitaka kulia. Nikautazama uso ule uliojaa fahari, kicheko kikanishika. "Asante, Mama. Limependeza." Kesho yake ilikuwa Sabato, hapakuwa na wa kutumwa Itumbe kuleta karatasi nyingine.

Jumapili wakaja akina mama kumi na mmoja, wakalizunguka kapu. Jua liliwaka vizuri, lakini chai ilitulia tuli, bila povu hata moja. Tukangoja. Mawingu yakaanza kupanda. Mama akaingiza kidole ndani ya sufuria, akalitazama kapu, kisha akaitazama mikono yake. Nikajua ameelewa.

Akajimiminia kikombe. Akakipuliza mara tatu, akanywa, akaruka.

"Uuwi! Imeniunguza ulimi!"

Huyu ni mwanamke aliyewahi kurudi sokoni kwa miguu kurudisha ndizi moja iliyozidi. Kabla mwingine hajaonja, matone ya kwanza yakaanguka. Mama akaikumbatia sufuria, akakimbilia jikoni, "isije ikapoa," akaiweka mekoni. Wageni walikunywa ikiwa moto kweli, wakanisifu, wakataka kufundishwa. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango, nimejiziba mdomo kwa leso, machozi ya kicheko yananitoka. Nilimpenda siku ile kuliko siku zote.

Sabato iliyofuata, katika maombi ya nyumbani, alimwomba Mungu amsamehe uongo mmoja mdogo. Kisha, bila kufumbua macho, akaomba masanduku mengine yavunjike kule Itumbe.