Sekunde Thelathini za Kuzima

Pale kituo cha maji walimwita Mzee Delta, na jina lilimkaa. Kwa miaka ishirini na sita hakuna mota iliyofungwa pale bila mkono wake, na zote alizifunga kwa sta-delta: mota inaanza kwa nguvu kidogo, ikishashika mwendo inapewa umeme wote. Alizijua kontakta zake, zile swichi kubwa za mota, kwa mlio tu. Ukimwambia kuna njia nyingine, anakutazama kama umemtukania mama.

Zikaja pampu tatu mpya, kubwa kuliko zote alizowahi kugusa, za kusukuma maji hadi kwenye tangi la mlimani. Meneja akaitisha kikao cha kuchagua zitawashwa vipi. Jioni ya kabla ya kikao, binti wa mzee, fundi mwenzake pale pale kituoni, alimletea daftari.

"Baba, nimepiga hesabu za pampu mpya. Pitia kidogo kabla ya kesho."

"Weka hapo," alisema, akalisukumia kwenye droo.

Kesho yake mzee akanadi sta-delta yake kama kawaida. Binti akasubiri, akasubiri, mwisho akanyoosha mkono. "Kuwasha hakuna shida. Shida ni kuzima. Sta-delta inakata umeme ghafla, na maji yote ya mlimani yatarudi yapige bomba kama nyundo. Tununue stata ya kielektroniki, kiwashio kinachozima polepole."

Mzee alicheka. "Mwanangu, hivi vitu nimeanza kuvifunga hujaota meno!"

Ofisi nzima ikaangua kicheko. Binti naye alitabasamu, akainamisha kichwa. Ukweli ni kwamba mzee hakuijua hiyo stata ya kielektroniki, na angeona heri afe kuliko kusema hivyo mbele za watu.

Ikafungwa sta-delta. Kila pampu ilipozimwa, bomba liligonga hadi madirisha yakatikisika. Mzee akasema ni valvu, italainika. Mwezi wa nne bomba likapasuka mtelemkoni, maji yakaingia nyumba tisa, na mji ukakaa siku kumi na moja bila tone. Kwenye ripoti aliandika, bila haya, "bomba lilikuwa limechakaa", kisha akampelekea bintiye atie sahihi ya pili. Binti aliisoma mara mbili, akamtazama baba yake, akatia sahihi. Wiki ile ile akaomba kazi kituo kingine, safari ya siku nzima kwa basi.

Stata za kielektroniki zilinunuliwa baadaye, meneja hakutaka tena ushauri. Siku ya kuziwasha, mzee alisimama mbele ya kile kioo kidogo chenye namba, jasho likimtoka. Akapiga moyo konde, akampigia simu bintiye.

"Mwanangu, hii ya kuzima naweka sekunde ngapi?"

"Thelathini, Baba. Zingine zote zimo kwenye daftari. Nadhani bado liko kwenye droo yako."

Alitaka kumwomba msamaha. Badala yake akaiandika ile namba kiganjani. "Haya," akasema. "Uwe na siku njema."

Daftari lilikuwa chini ya fyuzi za zamani. Hesabu zote zilikuwepo, kwa mwandiko safi, na michoro aliyomfundisha yeye mwenyewe. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na mistari miwili: "Baba, kesho uyaseme wewe haya. Usinitaje, wewe ndiye wanayekusikiliza."

Alikaa kwenye kiti. Kumbe binti hakutaka kumpita baba yake. Alikuwa amemwandalia heshima yake mkononi, akanyoosha mkono kikaoni pale tu alipoona mzee hakulifungua.

Aliweka thelathini, akaiwasha pampu, kisha akaizima. Ikapunguza mwendo taratibu, maji yakatulia, bomba halikugonga hata kidogo. Mafundi wakampigia makofi Mzee Delta, na hakuwa na uso wa kuwatazama.