Sakafu ya Mbao za Ulaya

Wanaosema kisasi hakifai hawajawahi kung'oa sakafu. Mimi niling'oa yangu, ubao baada ya ubao, mchana kweupe, mlango ukiwa wazi, na mpaka leo nikikumbuka mlio wa msumari unavyotoka kwenye mti mgumu, moyo wangu huburudika.

Ilikuwa Msambweni, miaka ya hamsini, katika nyumba ya mume wangu, mnunuzi wa mbata, nazi zilizokaushwa. Nyumba ilikuwa ya mawe na chokaa, nzuri kwa mpita njia, lakini chumba chetu cha mbele kilikuwa na sakafu iliyopasuka na kutoa unyevu kila masika. Mikeka ilioza. Nilikuwa nikisujudu kwenye ukavu na kuinuka na maji magotini. Nilipomlalamikia mume wangu, aliniambia nitandike mkeka mwingine juu ya ule uliooza.

Kisha tukasikia kuwa Mzungu mmoja wa Diani anarudi kwao, na nyumba yake ya ufuoni inabomolewa. Nilikwenda na kaka yangu, fundi wa mashua kule Shimoni. Uani palikuwa na mafungu mawili ya mbao: mvule wa vyumba vya nyuma, na mbao za ukumbini ambazo mwenye nyumba alizileta kwa meli kutoka Ulaya. Miaka mingi baadaye nilijua kuwa mti ule huitwa mwaloni. Siku ile ulikuwa mti mchafu tu, mweusi kwa uchakavu, na kaka yangu aliukunjia uso.

"Chukua mvule, dada. Huo tunaujua."

Nikageuza mbao za mvule moja moja. Chini mchwa walikuwa wameshakula chakula chao cha mchana na cha jioni. Zile za Ulaya nilizigonga kwa kifundo cha kidole, zikalia kikavu. Nikakwaruza moja kwa ukucha, na chini ya ule uchafu ukatokea mti wa rangi ya asali, wenye michirizi kama maji yanayorudi mchangani. Nilizitaka hapo hapo. Nikauza bangili zangu za dhahabu, zile nilizozipata kwa mahari, nikazinunua.

Kaka yangu alinipangia boriti na kuzipigilia mbao juu yake, kisha akarudi kwenye mashua zake. Kazi iliyobaki ilikuwa yangu. Nilipiga randa mpaka viganja vikaota sugu. Kila palipokuwa na msumari wa zamani, mti ulikuwa umeshika doa jeusi, na madoa yale niliyasugua kwa ndimu na mchanga mweupe mpaka yakafifia. Nikalainisha kwa ngozi kavu ya samaki taa, kisha kwa majani ya msasa, nikiwa nimepiga magoti, nikienda na mkondo wa mti. Mwanzo niliipaka mafuta ya nazi kama mtu apakavyo mwili wake, na sisimizi wote wa Msambweni wakaja kunipongeza. Nikasugua tena upya. Mara ya pili nikanunua nta kwa watu wa bara ya Kinango, nikaiyeyusha na tapentaini, nikaipaka kwa kitambaa, nikaifuta kwa sufi. Ikang'aa. Ukiingia bila viatu, ubaridi wake ulikupokea miguuni.

Mume wangu, wakati wote ule, mchango wake ulikuwa kulalamika kuwa kahawa ina vumbi la mbao.

Sakafu haijamaliza hata masika mawili, akaniambia anaoa. Kuoa ni haki yake, sikubishana naye. Kilichonichoma ni maneno yaliyofuata.

"Wewe utahamia chumba cha nyuma. Hiki cha mbele atakaa mgeni."

"Na sakafu yangu?"

Akacheka. "Sakafu inahama, bibi wee?"

Nikamwambia kama ni hivyo anipe talaka yangu niende kwa mama. Akasema hanipi. Nani atampikia? Nani atawaandalia wageni wa harusi? Kwa hiyo hakunipa chumba na hakunipa njia. Nilibaki nimesimama katikati ya kazi ya mikono yangu mwenyewe, nikimchukia kwa chuki ambayo sikujua kuwa ninayo.

Wiki ile shangazi za bibi harusi walikuja kukagua chumba. Walivua viatu mlangoni. Mmoja wao aliinama akaipapasa sakafu kwa kiganja kama anayepapasa hariri.

"Mashallah! Nani fundi wako, bwana?"

"Nilimleta kutoka Mombasa," mume wangu akajibu. "Alinisumbua sana, lakini kazi anaijua."

Mimi nilikuwa nimeshika sinia ya kahawa. Viganja vyangu, vyenye sugu zile, vilikuwa chini ya sinia, hakuna aliyeviona. Niliwamiminia, nikawakaribisha tena, nikatoka. Nilipofika jikoni nilikuwa nimeshakata shauri.

Kesho yake nilikwenda kwa mwalimu wa chuo cha Kurani.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu."

"Kitu nilichonunua kwa mahari yangu ni cha nani?"

"Chako, hata ikiwa ni sindano."

"Hata kama kimepigiliwa misumari kwenye nyumba ya mume?"

Mzee akauliza: "Misumari nayo aliinunua nani?"

"Mimi."

"Basi na misumari ni yako," akasema, akarudi kwa watoto wake.

Nikasubiri harusi. Nilipika pilau, nilipiga vigelegele kuliko mavyaa, watu wakanisifu kwa subira. Akina mama walinishika mkono wakaniambia Mungu atanilipa. Nami niliitikia amina, kwa sababu nilikuwa nimeshamwita kaka yangu aje na lori.

Wasiojua mila zetu niwaeleze. Bwana harusi huingia nyumbani kwa bibi harusi na kukaa fungate, siku saba, ndani. Hatoki. Anapikiwa, anasingwa, anafukiziwa udi. Bwana harusi anayeonekana barabarani kabla fungate haijaisha huchekwa mpaka na mbuzi, na ukoo wa mke huhesabu kuwa wametukanwa. Na nyumba ya bibi harusi ilikuwa nyuma ya msikiti tu, karibu mno na kwetu.

Siku ya pili ya fungate kaka yangu aliingia na mtaimbo. Ubao wa kwanza ulipoachia boriti, ulilia kiasi kwamba kunguru waliruka juu ya paa. Haukupita muda, binamu ya mume wangu akaja mbio.

"Shemeji, bwana harusi anauliza ni kelele gani hizo."

"Mpe hongera zangu. Mwambie ninamtengenezea bibi harusi chumba."

Akaenda. Akarudi akihema, maana safari hii alikuwa ameambiwa achungulie. Alichungulia. Akaniomba, kwa jina la Mungu na Mtume, niache mpaka mwenye nyumba arudi.

"Basi na aje," nikamwambia. "Nani amemfunga kamba?"

Hakuja. Alikaa kule, na hina miguuni, akisikia kila msumari. Wanawake wa mtaa wakajazana kibarazani kwangu, na hakuna aliyenizuia. Mmoja alinishikia ndoo ya misumari. Tuliichukua yote, hata iliyopinda, kwa kuwa mwalimu alisema ni yangu. Nilifagia boriti na mchanga uliokuwa chini yake, nikaacha mlango wazi, nikapanda lori.

Shimoni, chumba cha mama yangu kilikuwa kidogo, na ncha za mbao zilikuwa zimechanika kwa mtaimbo. Kaka yangu akazikata zote kwa msumeno zienee chumba, akazilaza. Nikapiga magoti tena, randa, taa, msasa, nta.

Kule Msambweni, bibi harusi alipoletwa kwa mumewe, shangazi zake walitazama mlangoni, wakaona boriti na panya, wakageuka naye. Walisema waliahidiwa chumba chenye sakafu. Mume wangu akatuma watu kunieleza kwamba hataniacha kamwe, nitazeeka bila mume wala talaka. Mtenda akitendewa huona kaonewa. Maneno yale yalinitia hofu, siwezi kukana. Mwanamke aliyeninginizwa hivyo hana pa kujishikiza.

Miezi ikapita, bibi harusi bado yuko kwao. Asubuhi moja mume wangu akabisha hodi kwa mama. Alivua viatu. Alikaa juu ya sakafu yangu, akanywa kahawa yangu, akauliza hali yangu kwa sauti ya zamani, ile ya kabla ya hayo yote. Nami, Mungu anisamehe, moyo uliniruka. Nilidhani amenifuata mimi.

"Nimekuja kuziomba mbao," akasema.

Nilimshukuru kimoyomoyo. Huruma yote niliyokuwa nimebakiwa nayo ilikwisha pale pale.

"Nipe talaka tatu, uzichukue. Nitajikomboa kwazo."

Hakufikiri hata kidogo. Tukaita mashahidi, akatamka mbele ya kaka yangu na imamu, bila kukwaa ulimi. Nilipokwisha kuwa huru, nilimpa mtaimbo.

"Zing'oe mwenyewe."

Akakunja kanzu, akapiga magoti. Jua lilimkuta hapo, jasho likimdondoka juu ya nta yangu, vidole vikichomwa vibanzi, na mimi nimekaa kwenye kiti cha mama nikimtazama. Alipozibeba nje na kuzipanga kwenye lori alilokuja nalo, akasimama. Akanyoosha mikono kupima ubao mmoja. Akapima mwingine. Alikuwa amelala juu ya mbao zile, amekula juu yake, amejisifu kwazo mbele za watu, na ndiyo kwanza anatambua kuwa hazitafika ukuta wa pili wa chumba chake.

"Mbona fupi?" akauliza.

"Hukuuliza," nikamjibu, nikaingia ndani kumsaidia mama kufagia mchanga.