Neno la Mama Waya lililomponza Bi Ndoo

Saa nne kasoro dakika mbili asubuhi, Jumanne. Fundi wa mtandao wa hospitali amesimama nje ya chumba cha seva, ufunguo kaukamata mkononi. Mlango umefungwa. Ndani hakuna mtu, hakuna ndoo, hakuna dekio. Macho ameyakaza kwenye kompyuta ndogo aliyoishika mkono wa pili.

Saa nne kamili, seva, ile mashine inayoendesha mtandao wote, inazima. Huko chini madirisha ya usajili yanakwama, wagonjwa wanaanza kunung'unika.

"Hapo hapo nikajua nimekosea," anasema. "Yaani nilikuwa nimeshamhukumu mtu."

Mtu huyo ni msafishaji mwenye miaka kumi na tisa kazini, hospitali nzima inamwita Bi Ndoo. Kwa wiki tatu seva ilizima kila siku saa nne, wakati ule ule anapodeki chumba hicho. Fundi, ambaye wenzake humtania kwa jina la Mama Waya, ndiye aliyemweleza mkuu wa kitengo kwamba bila shaka dekio linavuta waya. Jumatatu Bi Ndoo akasimamishwa. Barua ya kumfukuza ingetoka Ijumaa.

"Nilimwambia, mwanangu, waya zako naziogopa kuliko nyoka, nizigusie nini?" anasimulia Bi Ndoo.

Siku hiyo Mama Waya hakutia kitu mdomoni. Alikaa na programu moja ndogo ndani ya seva hiyo ambayo hupokea taarifa za kila kifaa cha mtandao, nani kaingia, wapi pamekatika, kisha huzipeleka kwenye seva mbili za kuhifadhia. Akaona inanenepa. Ilikuwa inakula kumbukumbu ya mashine na hairudishi hata chembe. Ikipita siku moja, gigabaiti zote kumi na sita kwisha, mashine inakata roho.

Sasa kwa nini saa nne? "Kwa sababu ndiyo saa tuliyokuwa tunaiwasha upya. Inajaa kwa siku nzima, inazima muda ule ule. Tunaitega wenyewe, halafu tunatafuta mchawi."

Akafungua faili la maelekezo. Mstari wa arobaini ulisema: usifute taarifa mpaka wapokeaji wote wathibitishe. Wiki tatu nyuma, seva moja kati ya zile mbili ilizeeka, ikang'olewa. Programu haikuambiwa. Ikabaki imekumbatia kila taarifa, inangoja jibu la marehemu.

Pembeni ya mstari palikuwa na jina la aliyeuandika. Lake.

"Niliusoma mara nne," anasema. "Wote. Wote kina nani, na mmoja nimemng'oa kwa mikono yangu?"

Alilifuta jina la seva ile kwenye orodha ya wapokeaji. Jumatano saa nne ikapita salama, Alhamisi pia. Akaenda kwa mkuu, akasema kosa ni lake, kisha akafunga safari hadi kwa Bi Ndoo kuomba radhi.

Bi Ndoo amerudi kazini. Ila chumba cha seva haingii peke yake. Husimama mlangoni na ndoo yake mpaka Mama Waya aje. "Njoo usimame hapa," humwambia, "uione mikono yangu."

Mama Waya husimama, kila siku, mpaka sakafu ikauke.

"Natamani siku moja nimkute ameshaingia," anasema, "anifukuze, aniambie namchafulia sakafu."