Ruksa na Lazima Juu ya Lundo la Pamba

Juzi niliwaona wajukuu wakilizungukazunguka lundo langu la pamba, nikaikumbuka stoo ya baba kule Sola, joto lake na harufu yake ya vumbi.

Siku zile serikali ilikuwa imelegeza masharti ya biashara, mitumba ilijaa gulioni na kila mtu alisema ruksa. Dada Kabula, mtunga sheria wa michezo yetu, alipanda juu ya lundo akatangaza: "Ruksa ni ukitaka. Lazima ni hata usipotaka. Sasa, ruksa kuruka!"

Tuliruka tukipiga mayowe mpaka baba akatokea mlangoni. Tukaganda.

"Na mimi natunga moja," akasema. "Lazima mchambue. Nyeupe huku, chafu kule."

Tulichambua kwa kushindana hadi jua likazama. Nilidhani baba naye anacheza, kumbe vibarua wake hawakuja.

Wangu pia juzi hawakuja. Nikawaita wajukuu: "Ruksa kuruka!"