Kizibao cha Blanketi la Serikali

Mimi ni Mkinga wa Makete, na baridi hainitishi. Nimekua nikikanyaga sakitu, umande ulioganda, asubuhi kwenda shule, tena peku. Ndiyo maana wafanyabiashara wenzangu wa Dar walipotetemeka Guangzhou, kusini mwa China, kila Januari, niliwacheka bila huruma.

Ila baridi ya kule ni ya kichokozi, inakaa ndani ya nyumba. Mabomba ya joto serikali yao iliyapeleka kaskazini. Kusini kila mtu alijijua mwenyewe. Kuta zilitoa jasho na mashuka hayakukauka.

Nilikuwa na rafiki huko, mama wa miaka sitini na kitu, nyuma ya maduka ya jumla ya barabara ya Zhanqian. Nilimwita Popo, yaani bibi kwa Kichina cha kule. Mumewe alishafariki, kiwanda cha nguo kilimpunguza kazini, naye akabaki na chumba kimoja. Jaketi zangu za biashara zikiachia mshono alinishonea, akakataa malipo, akanimiminia chai. Nilipomweleza kwa Kichina changu cha sokoni kwamba kwetu maji huganda, alicheka mpaka akashika mbavu. Afrika na baridi wapi na wapi? Akanitikisia kidole kama mtoto aliyekamatwa akidanganya.

Mwishoni mwa miaka ya tisini, Popo aliingizwa kwenye msaada wa serikali wa kaya maskini kujikinga na baridi. Alipewa blanketi nene lililojazwa pamba, jekundu la maua, na hela kidogo ya umeme ingefuata. Majina ya waliopewa yalibandikwa ukutani kichochoroni, majirani waseme kama kuna tajiri amejipenyeza. Kisha wajumbe wa mtaa walikuwa wakipita nyumba kwa nyumba kukagua vyombo. Ukikutwa na kitu cha maana, jina linafutwa na blanketi linarudi.

Hayo ya ukaguzi sikuyajua. Nikamnunulia hita ya umeme, nikaipeleka kwa mbwembwe, nikaichomeka mwenyewe.

Popo alikuwa ndio kwanza anapasha vidole, wajumbe wawili wakabisha hodi. Uso ukampauka. Mjumbe mwanamke akaitazama hita, akatoa kalamu.

"Ya nani hii?"

"Yangu, laoban!" nikadakia. Sokoni kila mtu tulimwita bosi, hata mjumbe. "Mimi Afrika. Baridi siwezi, bu xing, bu xing kabisa!"

Nikajitundika jaketi mbili kati ya zile alizokuwa akinishonea, nikaikumbatia ile hita, nikatetemeka mpaka meno yakagongana. Wazee wangu wa Makete wanisamehe.

Mjumbe akafunga kalamu, akanipapasa mgongo. "Maskini weee! Ukitoka nenda nayo hotelini, usije ukaugua."

Hapo nikawa nimejinasa mwenyewe. Nikatoka na hita nimeikumbatia, mjumbe akinishikia mlango. Popo alinisindikiza kwa macho yenye machozi, nami nikadhani ni ya shukrani.

Siku ya kuondoka alinifuata hotelini, pale mtaa wa Liuhua, na kifurushi cha gazeti. Ndani mlikuwa na kizibao kinene, kimeshonwa mistari mistari kwa mkono, mishono midogo ya mtu wa kiwandani. Kitambaa nilikijua. Ni yale maua mekundu.

"Popo, hapana! Blanketi lako!"

"Lilikuwa kubwa, na mimi niko peke yangu," akasema, huku ananifunga vifungo. "Siku ile ulinitia hofu. Ulikuwa unakufa."

Nikavuta hita uvunguni nimrudishie. Akaisukuma kwa mikono miwili, kwa kuwa wajumbe wangepita tena. Nilimpenda mama yule kuliko nilivyojua kusema kwa lugha yoyote. Ningemwambia nilikuwa naigiza, angejua amekata blanketi lake bure. Basi nikaanza kutetemeka upya, ndani ya kile kizibao, kisha nikaacha polepole, ili aone pamba yake inafanya kazi.