Tembo Katika Ufuta wa Chunyu

Jumatano iliyopita, saa nne asubuhi, nilikuwa kwa fundi cherehani hapa Nachingwea nikipimwa suruali, simu ikaita. Alikuwa mpwa wa rafiki yangu mpiga picha. Alisema maneno matatu tu, "Mjomba ametutoka asubuhi." Tulimzika siku hiyo hiyo baada ya sala ya alasiri, watu wengi kuliko nilivyotarajia, na wengi wao sikujua kwamba walimjua. Wasomaji wangu wa zamani mnafahamu kwamba katika safu hii sitaji mtu kwa jina. Hata hivyo wa Nachingwea na Ruangwa mtamtambua: yule mtu mwembamba mwenye pikipiki nyekundu, aliyefunga picha za wanyama na za mjini nyuma ya kiti kwa mipira ya tairi, akapita nazo vijijini akiziuza. Watu walimwita Fundi, na mimi nitamwita hivyo hivyo.

Alianza na studio ya picha za pasipoti karibu na stendi, yenye kiti kimoja cha plastiki na pazia lililochorwa maporomoko ya maji. Zilipokuja simu zenye kamera, watu wakaacha kuja, na pazia likashika vumbi. Fundi hakulalamika sana. Aliuza sehemu ya vifaa vyake, akanunua lenzi ndefu iliyokwisha tumika, akaanza kupiga picha za vitu viwili alivyoona watu wanavikodolea macho: wanyama wa porini na mitaa ya Dar es Salaam. Picha kubwa alizichapisha huko huko Dar, zikaja kwa basi zikiwa zimeviringishwa ndani ya bomba la plastiki, naye akazitengenezea fremu kwa vipande vya mbao vilivyobaki kwa maseremala. Baada ya mwaka mmoja alikuwa amegundua jambo ambalo wenye maduka makubwa hawajui. Watu wa mjini na wageni walinunua tembo, twiga na mbwamwitu. Wakulima, baada ya kuuza korosho, walinunua magari, maghorofa na taa za barabarani. Kila mmoja alitundika ukutani kile asichoishi nacho.

Alipenda kunisimulia habari ya mzee mmoja wa Mandawa, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha kutafuta neno moja moja. Mzee huyo alishika picha ya Kariakoo mchana, watu wamefurika barabara nzima, akaitazama kwa muda mrefu, kisha akauliza, "Hawa wote, shamba lao liko wapi?" Fundi akamjibu, "Hawana shamba, mzee wangu." Mzee akatikisa kichwa kwa huruma ya kweli. "Basi nitawachukua," akasema. "Wakae kwangu." Kila aliposimulia hayo Fundi alicheka mpaka akakohoa. Namkumbuka zaidi kwa kicheko hicho, ndiyo maana naona vigumu kuandika yanayofuata. Lakini ndiyo niliyoagizwa kuyaandika.

Miaka michache iliyopita alipiga picha ya tembo dume amesimama katikati ya shamba la ufuta huko Chunyu, wilayani Ruangwa. Ilikuwa asubuhi, jua bado liko chini, ufuta umetoa maua, na tembo ametanua masikio yake yote mawili mpaka mwanga unapita katika ngozi. Nyuma yake linaonekana dungu la kulindia shamba, lililoezekwa kipande cha turubai la bluu. Mimi mwenyewe niliisifia picha hiyo hapa hapa, katika safu hii. Niliandika kwamba ni ushahidi kuwa kusini kwetu kuna uzuri unaosubiri macho. Baada ya makala yale ilinunuliwa kuliko kitu chochote alichowahi kutengeneza. Ilikwenda kwenye nyumba za wageni, ilikwenda Dar, na nakala moja kubwa ilitundikwa katika ofisi moja mjini Ruangwa, kwenye chumba ambamo wananchi husubiri kuitwa. Sikumuuliza Fundi lile shamba ni la nani.

Mwenye shamba alikuja mwenyewe. Siku hiyo nilikuwa dukani kwa Fundi nimefuata fremu ya picha ya harusi ya binti yangu. Akabisha hodi mwanaume wa miaka hamsini na kitu, kandambili zimejaa vumbi jekundu, bahasha ya kaki mkononi. Alisalimia vizuri, akakaribishwa, lakini hakukaa. Alisimama mbele ya ile picha ya tembo iliyokuwa ukutani.

"Hii umepiga wewe, mjomba?"

"Nimepiga mimi," Fundi akasema kwa furaha. "Unaipenda? Ziko na ndogo ndogo."

"Hilo dungu nimelijenga mimi."

Fundi aliweka nyundo chini. Yule bwana akaendelea kwa sauti ile ile ya taratibu, kama mtu anayeelekeza njia. Alisema alikuwa Ruangwa tangu asubuhi, amekwenda ofisini kufuatilia fomu za kifuta machozi kwa ajili ya mke wake aliyeuawa na tembo. Aliambiwa akae asubiri. Alipoinua macho akaona ukutani shamba lake, turubai lake la bluu, na ngazi yake iliyopungua mti mmoja. Akauliza mpigaji ni nani, akaambiwa yuko Nachingwea, akapanda gari akaja. Hapo nikakumbuka. Kifo cha mama yule kilisikika wakati ule, kikazungumzwa kwa wiki moja kisha kikapita. Sikuwahi kukiunganisha na picha.

"Ulipiga siku ile ile?" mgeni akauliza.

"Siku ile ile."

"Saa ngapi?"

"Saa moja na dakika chache."

"Saa moja alikuwa njiani," akasema. "Mimi nilikesha dunguni, nikarudi nyumbani kunawa na kunywa uji, yeye akaja kunipokea zamu. Tembo aliingia nimeshaondoka." Akaigeukia tena picha. "Ulimwona mke wangu?"

Nakiri mbele yenu kwamba nilitaka Fundi aseme hapana. Neno hilo lilikuwa jepesi na hakuna ambaye angelipinga. Badala yake alikwenda kwenye kompyuta yake, akafungua picha yenyewe kabla haijakatwa kwa ajili ya kuuzwa. Ilikuwa pana zaidi ya ile ninayoifahamu. Upande wa kulia kabisa, pale njia inapotokeza kichakani, palikuwa na alama ndogo ya njano, isiyozidi punje ya mahindi. Ilikuwa kanga aliyojifunga mwanamke.

"Nilimwona," Fundi akasema.

"Ulipiga kelele?"

"Sikupiga."

"Kwa nini?"

"Nilikuwa juu ya kichuguu, tembo hajanisikia. Alikuwa ndiyo anatanua masikio. Nikasema nipige picha moja tu, halafu nipige kelele."

"Ukapiga moja."

"Nikapiga tatu."

Nje muuza kahawa alipita akigonga vikombe vyake. Sisi watatu hatukutazamana. Fundi alianza kusema jambo kuhusu tembo alivyogeuka ghafla, jinsi yeye alivyoteremka akikimbia huku akipiga mayowe, na jinsi alivyokuwa amechelewa. Yule bwana alimwinulia mkono anyamaze.

"Labda angekufa hata kama ungepiga kelele," akasema. "Tembo ni tembo. Lakini angekufa amesikia mtu."

Kisha akaomba kitu ambacho hadi leo hakijanitoka. Alimwomba Fundi amchapishie ile picha nzima, yenye mke wake ndani, asikate upande wowote. Fundi akaichapisha kwa mashine ndogo iliyokuwapo dukani, karatasi ya kwanza ikaharibika, akaweka ya pili. Mgeni aliipokea, akaitazama ile alama ya njano kwa karibu, akaipuliza wino ukauke, akaiingiza kwenye bahasha yake ya kaki pamoja na zile fomu. Aliaga kwa adabu aliyoingia nayo. Sikusikia tusi, sikusikia kilio. Nilibaki na fremu ya harusi mapajani, nikiona haya kwa kuwa nayo.

Tangu siku hiyo Fundi hakuuza tena picha ya tembo. Aliteremsha zote. Alikwenda hadi Ruangwa kuomba ile nakala kubwa ibadilishwe kwa picha ya daraja, akajibiwa kwamba mkubwa ameizoea. Nilimwambia ajionee huruma, kwamba hakuua mtu. Akanijibu, "Sijaua. Nimeuza." Nilikasirika nikamwambia anajikuza, kwamba watu kila siku wanaona mambo na kuyaacha yapite. Akaniuliza kama hilo ndilo nililokusudia kumfariji nalo.

Akaanza jambo ambalo wengi walilichukulia kuwa ni kuchanganyikiwa. Msimu wa ufuta ulipofika aliacha namba yake ya simu kwa watu wa vijijini. Akisikia tembo wameonekana mahali, alifunga duka asubuhi na mapema, akapanda pikipiki bila kamera, akapita kwenye njia za mashambani akipiga honi na kuwapigia watu kelele warudi. Siku nyingine tembo hawakuwapo kabisa, watu wakamcheka. Siku nyingine walimkasirikia kwa kuwatoa kazini. Mama mmoja aliniambia siku ya mazishi kwamba alimtukana Fundi asubuhi moja, akarudi nyumbani akisonya, na baadaye akakuta mihogo yake imeng'olewa pale pale alipokuwa akipalilia. "Sikupata kumwambia," akasema, na akawa anajifuta kwa pindo la mtandio.

Katika safari mojawapo ya hizo, njia ya Narung'ombe, pikipiki ilizama kwenye mchanga ikamwangukia, na bomba la moshi likamuunguza muundi. Lilikuwa jeraha la kawaida, ambalo kijana wa bodaboda hulipaka dawa akaendelea na kazi. Fundi alikuwa na sukari bila kujua, au alijua akapuuza. Kidonda hakikukauka. Alikifunga kwa kitambaa akaendelea kwenda mashambani, na alipokubali kupelekwa hospitali mguu ulikuwa umeshaharibika. Waliukata chini ya goti, kisha juu ya goti. Nilimtembelea mara nne. Mara ya mwisho alikuwa amekonda hata pete imemtoka kidoleni, na alizungumza akiwa amefumba macho.

"Nikiondoka uandike," akaniambia.

Nikamwambia ataondoka kwenda nyumbani kwake.

"Uandike, lakini usinipambe. Uandike na zile tatu."

Basi nimeziandika. Nilimpigia yule bwana wa Chunyu siku ya msiba kumjulisha, kwa sababu niliona ana haki ya kusikia mapema. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Mungu amrehemu," akasema. "Nilimsamehe siku ile ile niliyotoka dukani kwake. Lakini kuzika siji." Nilitaka kumwomba, nikajizuia. Kuna watu wanaodhani msamaha ni lazima uje na sahani ya pilau na kupeana mikono mbele ya watu. Mwenzetu huyu alitoa alichokuwa nacho, na kilichobaki ni chake.

Nimewaza sana wiki hii kuhusu kazi zetu sisi tunaoishi kwa kutazama. Mpiga picha hutazama, mchoraji hutazama, na mimi mwenye safu hutazama nikaweka maneno. Siku hizi hata asiye na kazi hiyo anayo simu mfukoni. Nimewaona watu wazima wamezunguka gari lililopinduka, mikono imeinuliwa juu wakirekodi, na aliye ndani anaita mama yake. Wakati ule nilipoisifia picha ya tembo nilidhani nasifia jicho. Sikujua kwamba nasifia jicho lililosahau kuwa lina mdomo jirani yake. Na wale walioinunua hawana kosa, ila wote walinunua asubuhi ya mtu mwingine, iliyokatwa upande mmoja ili ipendeze, na hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza kilichokuwa upande huo.

Fundi hakuwa mtu mbaya. Ningependa mlielewe hilo, kwa sababu kama angekuwa mbaya funzo lingekuwa la watu wabaya peke yao. Alikuwa mtu mwema aliyependa kazi yake, akaomba dakika moja zaidi ya kuifanya vizuri. Sote tunaiomba dakika hiyo, kila mtu katika kazi yake, na mara nyingi hakuna kinachoharibika, ndiyo maana tunaizoea. Ukimwona mtu anaelekea kwenye hatari, paza sauti kwanza. Hata kama utaonekana mwendawazimu, hata kama utaharibu kilicho kizuri mikononi mwako. Kazi ikisubiri utairudia. Isiposubiri, iache ipotee.