Paka Yumo, Mideva Hayumo

Siku gemu ya Sukuma Mkokoteni ilipotoka, Mideva alikwenda kwa mamake, mtaa wa Tena, akiwa amevaa kama mtu anayekwenda harusini. Alitaka mama aone. Mwaka mzima na mwezi mmoja mama alikuwa amemwona binti yake akiinamia kompyuta, akichora barabara, akizifuta, akizichora upya. Wenzake wa kanisani walipomuuliza binti yake hufanya kazi gani, mama alijibu tu, "Ya kompyuta," kisha akabadilisha mazungumzo.

Gemu yenyewe ni rahisi kueleza. Unasukuma mkokoteni wa mizigo kutoka Dandora hadi Eastleigh, ukikwepa mashimo, kuku, maji ya mtaro na kanjo, wale askari wa jiji. Ina levo, yaani hatua, ishirini na sita, na zote alizibuni Mideva: lori litokee wapi, shimo likae wapi, mchezaji ateseke kiasi gani kabla hajakata tamaa. Hakuzibuni akiwa ameketi. Aliitembea njia hiyo kwa miguu, daftari mkononi, akiandamana na wasukuma mikokoteni mpaka wakamzoea na kumbandika jina la Inspekta. Marehemu babake naye alisukuma mkokoteni miaka mitatu kabla ya kupata kibarua kiwandani, na ndiye aliyemwambia kwamba mlima hauogopeshi kama mteremko. "Ukipanda, unasukuma mzigo," alikuwa akisema. "Ukishuka, mzigo unakusukuma wewe." Levo ya kumi na tisa, ile ambayo vijana wa mtaani huitukana kuliko zote, ni mteremko mtupu.

Basi Mideva akaicheza hadi mwisho, mama kando yake kwenye kochi.

"Sasa majina ya walioitengeneza yanakuja," alisema.

Mama akavaa miwani. Majina yakaanza kupanda. Muriuki, mkurugenzi wa studio, wa kwanza. Wafadhili. Wakili. Aliyechora bango. Dereva. Mwisho kabisa pakaandikwa: *Furaha ya ofisi, Biskuti.* Kisha skrini ikawa nyeusi.

"Wewe uko wapi?" mama akauliza.

Mideva akairudisha nyuma. Wakasoma tena, polepole, jina kwa jina. Hakuwemo.

"Biskuti ni nani?"

"Ni paka, Mama."

"Paka! Alifanya nini humu?"

"Alilala juu ya kibodi yangu."

Mama akavua miwani na kuikunja. "Labda kuna mahali uliwakosea," akasema kwa sauti ya chini. Na Mideva akaona, kwa jinsi alivyoepuka kumtazama, kwamba mama alikuwa anaanza kujiuliza kama kweli aliwahi kufanya kazi kule. Hilo ndilo lililomuuma.

Kesho yake asubuhi alipanda ngazi za studio, pale Umoja, juu ya duka la magodoro. Muriuki akainuka kumlaki.

"Mideva! Niaje? Umeona watu wanavyoipenda?"

"Nimeona. Jina langu halimo."

"Aa, hiyo. Ni utaratibu tu. Tunaandika wale walio hapa siku gemu inapotoka. Mkataba wako uliisha Machi, gemu imetoka Juni."

"Uliisha Machi kwa sababu nilimaliza kazi Machi."

"Nakuelewa kabisa."

"Na paka?"

Muriuki akamtazama Biskuti, aliyekuwa amejinyoosha dirishani. "Paka bado yuko," akajibu, na wala hakuwa anatania. Kisha akaongeza kwamba gemu ni kazi ya timu, na si vizuri mtu mmoja mmoja kutafuta sifa.

Huyu ndiye aliyekuwa amehojiwa redioni mara tatu wiki hiyo. Katika mahojiano ya pili alieleza jinsi wazo la ule mteremko lilivyomjia akiwa bafuni anaoga.

Mideva alimwandikia barua pepe, kwa adabu. Baada ya wiki tatu likaja toleo jipya la gemu, na ndani yake, kwenye shukrani, kati ya kanisa lililowaazima jenereta na mama wa chapati, palikuwa na "Medeva". Akaandika tena, akaambatisha nakala ya kitambulisho. Toleo lililofuata likasema: *Rangi: Bw. Mideva.* Rangi hakuzigusa hata siku moja. Na yeye si bwana wa mtu yeyote.

Siku hiyohiyo mchana simu ikalia. Alikuwa Kavinya, msichana aliyepaka rangi kila ukuta na kila kibanda cha gemu ile.

"Mideva, mbona umechukua nafasi yangu?"

"Nafasi gani?"

"Jina langu lilikuwa limeandikwa hapo, kwenye rangi. Leo nafungua, naona wewe!"

Mideva alikaa chini palepale kwenye ngazi za ploti aliyopanga. Akamweleza yote, kuanzia paka. Kavinya alikuwa na hasira, kisha akacheka kwa uchungu, kisha akakasirika tena, lakini sasa si kwa Mideva.

Wakati huo Mideva alikuwa ameomba kazi Eastleigh, kwa Sahro, mwanamke anayetengeneza gemu za kufundishia hesabu shuleni. Sahro alikuwa na wasifu wa Mideva mezani na simu yenye gemu mkononi.

"Umeandika ulibuni levo zote," alisema. "Lakini humu naona Bwana Mideva wa rangi. Nikuamini vipi, dadangu?"

Mideva alichoka. Alitaka kuondoka. Badala yake akasema, "Fungua levo yoyote. Usinionyeshe."

Akageuza kiti, akatazama ukuta. Sahro akafungua ya kumi na nne.

"Hiyo milio ya kengele ni ya kumi na nne. Shika kulia. Kuku atatoka kwenye kioski cha pili. Sasa ngoja, usikimbie, kanjo wamejificha nyuma ya lori. Pita. Hapo mbele kuna shimo ambalo halionekani kwa sababu ya maji. Samahani kwa hilo shimo."

"Kwa nini uliliweka?"

"Kwa sababu liko. Nilitumbukia humo."

Sahro akacheka, akaweka simu chini. Kazi akaipata. Lakini kabla ya kutia sahihi, Mideva aliomba mstari mmoja uongezwe kwenye mkataba: kila aliyefanya kazi ataandikwa jina, kama lilivyo kwenye kitambulisho, na alichofanya, hata kama ameshaondoka. Sahro alisema hakuna aliyewahi kumwomba hivyo. Akauandika mwenyewe kwa kalamu.

Habari ya Muriuki nayo haikuachwa. Mideva, Kavinya na Luseno aliyerekodi sauti waliwatafuta wengine, wakawa saba, wakaandika barua moja, wakaiweka pia mtandaoni ili wachezaji waisome. Wachezaji wakasoma. Wakauliza maswali kwa lugha ambayo siwezi kuiandika hapa. Mwezi wa pili baada ya barua hiyo toleo jipya likatoka na majina yote saba, kila moja na kazi yake, herufi zote mahali pake.

Wiki iliyofuata Luseno alimpigia. "Umeona Muriuki amealikwa kwenye mkutano wa wabunifu?"

"Azungumzie nini?"

"Namna studio yake ilivyoongoza katika kuwapa watengenezaji wa gemu heshima yao."

Mideva akachungulia dirishani. Nje, mwenye duka alikuwa akigombana na mtu aliyeegesha nduthi, pikipiki ya abiria, mlangoni.

"Angalau tumeandikwa," Luseno akasema.

"Angalau," Mideva akasema, akakata simu, akarudi kwenye kompyuta. Levo yake mpya, ya watoto wa darasa la pili, ilikuwa bado ngumu mno, na alikuwa ameahidi kuimaliza kabla ya saa kumi.